Robo ya Jani Si Msiba

Mkulima anayepiga dawa shamba zima la nyonyo kwa sababu ameona jani limetobolewa anakosea. Muuza dawa anayemkabidhi chupa bila kumuuliza ameona viwavi wangapi anakosea zaidi. Na serikali yoyote iliyojua haya tangu zamani, ikayaandika kwenye vipeperushi, kisha ikamwacha mkulima ashauriwe na muuza dawa, ndiyo yenye kosa kubwa kuliko wote. Hiyo ndiyo hukumu ya gazeti hili, nasi tunaitoa mwanzoni ili pasiwe na wa kusema hakusikia.

Nyonyo, au mbarika kama wanavyoiita wengine, ni mmea wa upande wetu huu wa dunia. Lakini ufalme wake leo uko India, nchi inayotoa zaidi ya robo tatu ya nyonyo yote duniani. Jimbo la Gujarat ndilo linaloongoza, na huko wengi hulima kwa kumwagilia. Kusini, katika majimbo ya Telangana na Andhra Pradesh, nyonyo ni zao la mvua na la ardhi nyekundu iliyochoka, linalopandwa na watu ambao msimu mmoja ukiwaangusha huingia wa pili wakiwa na deni. Kesi ya viwavi tunaisikilizia huko kusini, kwa sababu ndiko kila rupia iendayo dukani kununua sumu isiyohitajika inapotoka kwenye sufuria ya nyumbani.

Washitakiwa wakuu ni wawili. Wa kwanza ni kiwavi wa nondo aitwaye Achaea janata. Mkulima humtambua kwa mwendo: vijiguu vyake vya katikati vimedumaa, kwa hiyo kila hatua hujikunja mgongo kama upinde kisha hujinyoosha. Mama yake hutaga mayai moja moja juu ya jani, na wiki chache baada ya mbegu za Juni na Julai kuota, yaani Agosti na Septemba, shamba linaweza kujaa. Kiwavi aliyekomaa hana staha. Hula jani lote, akaacha mishipa na kikonyo, mmea ukasimama kama mwavuli uliochanwa kitambaa ukabaki chuma. Hata akishakuwa nondo hatulii. Huenda kufyonza machungwa ya jirani.

Wa pili ni Spodoptera litura, kiwavi wa tumbaku, mla kila kitu. Huyu mama yake hutaga mayai kwa mafungu na kuyafunika kwa manyoya ya kahawia. Watoto wakianguliwa hukaa pamoja chini ya jani lile lile, wakikwangua nyama yake mpaka jani linabaki jeupe kama karatasi. Wakikua hutawanyika, mchana hujificha udongoni, usiku hupanda kula. Anaipenda nyonyo kupita kiasi, hata wakulima wa karanga na tumbaku nchini India hufundishwa kupanda mistari michache ya nyonyo pembezoni mwa mashamba yao ili nondo atage huko, awaachie mazao yao. Wako na wengine, wenye manyoya na wenye miiba, lakini hao wawili ndio wanaowapeleka wakulima dukani.

Uharibifu wao ni wa kweli, wala hatumwambii mkulima kwamba anaota ndoto mbaya. Ila mmea wenyewe nao una ushahidi wa kutoa, na ushahidi huo hausikilizwi.

Nyonyo ina majani makubwa, mapana kama kiganja kilichokunjuliwa, na ikiwa na afya huyaotesha kwa wingi kuliko inavyoyahitaji. Taasisi ya Utafiti wa Mbegu za Mafuta ya India, iliyoanza Hyderabad mwaka 1977 kama kurugenzi, imeeleza mpaka bayana: mmea wa nyonyo unaweza kupoteza hadi asilimia 25 ya majani yake na mavuno yasipungue. Robo nzima ya majani. Wanaofuga nondo wa hariri ya eri katika jimbo la Assam wanalijua jambo hili kwa mikono yao, kwa kuwa hariri ile hutokana na kiwavi anayelishwa majani ya nyonyo. Kumbe jani hilo hilo ambalo mkulima wa kusini analililia likitobolewa, mwenzake wa kaskazini mashariki analichuma mwenyewe, akampa kiwavi, akapata uzi. Mti mmoja, jani moja, kiwavi mmoja anatafutiwa chakula na mwingine anatafutiwa sumu. Hatusemi viwavi hao ni sawa. Tunasema mti unastahimili, na anayepiga dawa kabla ya robo ya majani kwisha analipia hasara ambayo haijamfika.

Sasa tumwombe msomaji ainame shambani, maana ushahidi mzito zaidi uko chini ya jani.

Ukiligeuza jani lililotobolewa, mara nyingi utamkuta kiwavi mdogo wa Achaea ametulia pembeni, hali, hasogei hata ukimgusa kwa ncha ya jani la nyasi. Mwangalie upande wa nyuma. Pale mkiani, kati ya mwili wake na jani, kuna kifuko kidogo kilichofumwa kwa nyuzi, kirefu kidogo kuliko upana, kimegandishwa imara. Kiwavi anaonekana kama amekalia yai. Hajakalia yai. Amekalia mtoto wa nyigu aliyemla kutoka ndani. Nyigu huyo mdogo mweusi, ambaye wataalamu walimwita Microplitis maculipennis, alimdunga kiwavi siku chache nyuma akiwa bado mchanga, akaweka yai mwilini mwake, na mtoto alipokomaa akatoka, akajifumia kifuko na kumwacha mwenyeji wake amechoka, akisubiri kufa. Kutoka kwenye kifuko hicho atatoka nyigu mwingine, naye ataruka kutafuta kiwavi wake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuna kibarua aliyewahi kufanya kazi shambani kwa bidii hiyo bila kudai ujira.

Ndiyo maana wataalamu wa India waliweka sharti ambalo tunalitaka libandikwe kwenye mlango wa kila duka la pembejeo: ukiona nyigu hawa mmoja au wawili kwa kila mmea, usipige dawa. Kazi imeshaanza bila wewe.

Lakini nini hufanyika? Mkulima anaona matundu. Matundu yanaonekana kwa mbali, kifuko cha nyigu hakionekani mpaka uiname. Anabeba jani lake mpaka dukani. Muuza dawa hajafika shambani, hajui kama kiwavi ni mchanga au amekomaa, hajui kama nusu yao wameshadungwa. Anajua bei. Anatoa chupa, mara nyingine mbili, moja ya kuua na moja ya kuongezea nguvu. Jioni shamba zima limelowa. Viwavi wanaanguka, mkulima anafurahi, na kwa siku mbili tatu ana haki ya kufurahi. Asichokiona ni kwamba nyigu wamekufa pia, waliokuwa wakiruka na waliokuwa wanakaribia kutoka. Nondo mpya akija kutoka shamba la jirani akataga, anakuta nyumba haina mlinzi. Kutoka yai mpaka nondo ni mwezi mmoja na siku chache, basi kabla mashuke hayajakauka mkulima yuko dukani tena, na safari hii analalamika kwamba dawa imepungua nguvu.

Pengine ni kweli imepungua. Kiwavi wa Spodoptera wa Andhra Pradesh alithibitishwa na watafiti tangu miaka ya 1990 kwamba amejenga usugu mkubwa dhidi ya sumu zilizokuwa zikipigwa mara kwa mara, za makundi zaidi ya moja. Usugu hauanguki kutoka mbinguni. Kila unapopiga dawa bila sababu, unawaua wale dhaifu na kuwaachia mbegu wale wenye nguvu. Ni kama shule inayofunza wezi kufungua kufuli. Na tuone aibu kwa neno tunalolitumia. Kiswahili chetu kinaiita sumu hii dawa, neno lile lile la kidonge anachopewa mtoto mwenye homa, na sisi waandishi ni wa kwanza kulisambaza. Mtu akiambiwa ni dawa atafikiri kwamba ikizidi inaponya zaidi.

Julai 2013, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Saran, jimbo la Bihar, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni. Chakula kile kilikuwa na monokrotofosi, kiuadudu kilichotumika kwa miaka mingi katika mashamba ya India na ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka katika kundi la sumu zenye hatari kubwa. Mwezi huo huo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likazihimiza nchi zinazoendelea ziharakishe kuondoa sumu za namna hiyo sokoni. Watoto wale hawakuwa wakulima, na huenda hakuna hata mmoja aliyewahi kushika bomba. Sumu ikishaingia kijijini haibaki shambani. Inakaa kwenye chupa, chupa inakaa jikoni, na mama anayetafuta chombo cha mafuta ya kupikia anaona chupa nzuri yenye kifuniko.

Kwa hiyo tunapodai udhibiti husishi wa viwavi wa nyonyo, yaani kuunganisha njia zote za kuwazuia na kuiacha sumu iwe ya mwisho, tusidhaniwe tunatetea wadudu au tunafuata mtindo wa wafadhili. India yenyewe ilitangaza mwaka 1985 kwamba udhibiti husishi ndio msingi wa kulinda mazao yake. Miaka imepita, vipeperushi vimechapwa, na bado mshauri wa karibu zaidi wa mkulima ni mtu ambaye faida yake iko kwenye chupa. Huo si upungufu wa elimu. Elimu ipo. Ni uamuzi wa watawala kuhusu nani alipwe mshahara na nani aachwe ajilipe kwa mauzo.

Njia sahihi si ngumu, ila ina utaratibu, na utaratibu unadai mtu aingie shambani. Kwanza kuhesabu. Mara mbili kwa wiki, asubuhi, mkulima apite shambani kwa kukata kona, achague mimea 20 bila upendeleo, ageuze majani, ahesabu viwavi, ahesabu vifuko vya nyigu, na akadirie ni sehemu gani ya majani imeliwa. Kazi hii haihitaji zaidi ya saa moja na inataka daftari la shule. Anayesema hana saa moja, lakini anapata nusu siku ya kuchota maji na kubeba bomba mgongoni, atueleze tofauti yake.

Pili, mikono. Tunajua neno hili huchekwa, hasa na vijana wanaoona kuokota viwavi ni kazi ya kizamani. Lakini fungu la mayai ya Spodoptera na kundi la watoto wake viko kwenye jani moja. Ukilikata jani hilo ukalizamisha kwenye ndoo ya maji ya sabuni, umeondoa mamia kwa kitendo kimoja, kabla hawajatawanyika na kuanza kujificha udongoni. Hakuna bomba linaloweza kufanya hivyo kwa bei hiyo. Jani lililobaki jeupe kama karatasi linajitangaza lenyewe, huhitaji miwani. Viwavi wakubwa wa Achaea nao huokotwa, kwa sababu aliyekomaa hula kwa siku moja zaidi ya wadogo wengi, na nyigu hamtaki tena. Nyigu anataka wachanga. Kuokota wakubwa na kuwaachia nyigu wadogo ni mgawanyo wa kazi ulionyooka.

Vijiti vya ndege vichomekwe katikati ya shamba, virefu kuliko mimea, ili mramba na wenzake wapate pa kukaa na kuchungulia. Mitego ya harufu inayoiga nondo jike iwekwe kwa ajili ya Spodoptera. Inanasa madume, lakini thamani yake kubwa ni kumpa mkulima habari kwamba nondo wamefika, aanze kugeuza majani. Mwarobaini nao una nafasi: kilo 5 za punje zilizotwangwa, zikalowekwa usiku kucha, zikachujwa kwa kitambaa na kufikishwa lita 100 za maji yenye sabuni kidogo, huwakatisha hamu ya kula viwavi wachanga. Kwa mkubwa aliyekwishanenepa usitarajie muujiza.

Ikiwa hesabu inaonyesha majani yanaelekea kupungua robo, na nyigu hawaonekani, hapo mkulima ana haki kamili ya kupuliza, na sisi hatutamzuia. Aanze na kinachomuua kiwavi na kumwacha nyigu. Watafiti wa Hyderabad walitengeneza kwa ajili ya Achaea kiuadudu cha bakteria wa Bacillus thuringiensis, wakakiita DOR Bt-1. Kiwavi lazima akile. Akishakula, tumbo lake huharibika, anaacha kutafuna, na anakufa baada ya siku kadhaa. Hapa ndipo wengi wanapokosea tena. Mkulima aliyezoea kuona viwavi wakianguka saa ile ile anarudi kesho yake, anawakuta bado wako kwenye majani, anasema ametapeliwa. Hajaangalia kama wanakula. Angeliangalia jani angeona makali ya tundu yamekauka, hayajasogea tangu jana. Na kipulizwe jioni, maana jua kali huua bakteria kabla kiwavi hajawala. Kwa Spodoptera kuna virusi vyake maalumu, na aliyekufa kwa virusi hivyo utamkuta juu ya mmea ananing'inia kichwa chini, mwili umelegea umegeuka maji.

Onyo moja la haki: bakteria hao hawabagui kati ya kiwavi mharibifu na kiwavi wa hariri. Penye ufugaji wa eri, majani ya kuwalisha yasiguswe na kitu chochote, hata kile kinachoitwa salama.

Sumu ya kemikali ibaki mwisho kabisa, kwa sehemu zilizozidi mpaka, ichaguliwe ile isiyo katika makundi ya hatari kubwa, na mpulizaji avae alichopaswa kuvaa. Wapo wanaotaka tuseme isitumike kamwe. Hatusemi hivyo. Mwaka ambao viwavi wanakuja kama mafuriko upo, na mkulima aliyeona mashuke yake ya kwanza yakisimama juu ya mti mtupu hawezi kuambiwa asubiri ndege. Lakini mwaka huo si kila mwaka, na anayepiga dawa kila mwaka kwa hofu ya mwaka huo ndiye anayeuleta.

Mbona tunaandika haya kwa Kiswahili, kuhusu mashamba ya Telangana? Kwa sababu nyonyo inalimwa hapa pia, na mikoa ya kati ya Tanzania imeijua kwa miaka mingi kama zao linalovumilia ukame. Achaea wa kwetu ni wa spishi nyingine, na badala ya Spodoptera litura tunaye ndugu yake wa karibu, Spodoptera littoralis, ambaye wakulima wa pamba wanamfahamu. Jamii ni moja, tabia ni moja, mayai ni ya mafungu vile vile. Na duka la pembejeo ni lile lile.

Tena tumeshapata somo letu wenyewe. Viwavijeshi vamizi walipogunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Afrika Mashariki mwaka 2017, serikali nyingi zilikimbilia sumu. Rwanda nayo ilinunua sumu, lakini pia iliwaingiza askari wake mashambani kuokota viwavi kwa mikono pamoja na wananchi. Watu walicheka. Sisi tunasema askari yule aliyeinama kwenye mahindi alifanya kazi ya maana kuliko ofisa aliyesaini hati ya kununua chupa bila kujua kiwavi ana umri gani.

Tunachodai kinatekelezeka. Tanzania ilitunga sheria ya afya ya mimea mwaka 2020 na kuunda mamlaka moja ya afya ya mimea na viuatilifu, yenye makao yake Arusha. Kenya ina bodi yake ya kudhibiti bidhaa za kuua wadudu. Vyombo hivyo vina uwezo wa kumtaka kila muuza viuatilifu aweke daftari linaloonyesha amemuuzia nani, kwa mdudu gani, na mdudu huyo alionekana kwa wingi gani. Vina uwezo wa kukataza mtu kuuza na kushauri kwa wakati mmoja bila cheti cha mafunzo. Vina uwezo wa kuhakikisha viuadudu vya bakteria viko rafuni, kwa bei ya mkulima wa nyonyo, kabla ya mvua na si baada yake. Wanunuzi wa nyonyo nao, wanaofika na mizani msimu wa mavuno, wakumbuke kwamba mafuta yao yananunuliwa na viwanda vya vipodozi na dawa za binadamu, na wachangie gharama ya kumpeleka mtaalamu shambani.

Bwana shamba asiye na pikipiki wala mafuta ya pikipiki hatumlaumu. Tunamlaumu aliyempa cheo bila pikipiki.

Mvua za mikoa ya kati huanza Novemba au Desemba. Kabla nyonyo haijafika kiunoni, kila kijiji kinachoilima kiwe kimetembelewa angalau mara moja na mtu aliyelipwa na serikali, asiye na kitu cha kuuza. Aje bila bomba. Awakusanye wakulima kwenye shamba la mmoja wao asubuhi na mapema, awape daftari, ageuze jani la kwanza mbele yao, na awaonyeshe kile kifuko kilicho mkiani mwa kiwavi, au kingine chochote ambacho nyigu wa huko wamekiacha, kisha awaachie mimea 19 iliyobaki waihesabu wenyewe.